Mikono ya Unga wa Samaki

Siku niliyoaga kazini, Papa Shukuru, mwenye kiwanda chetu, alisimama mbele ya wenzangu na sahani ya keki mkononi akasema: "Tunamshukuru Mama Elie kwa kazi yake. Lakini ninyi munaobaki, musimwige. Glavu ni lazima." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nikakata keki yao, nikanyamaza, maana nikianza kusema siku kama ile sitaweza kuacha. Sasa niko nyumbani hapa Black Rock, mtaa wa Buffalo, miguu juu ya kiti, wala hakuna anayeniangalizia saa. Nitasema yote. Tena nitaandika, ili kesho mtu asiseme Mama Elie alisema hivi kumbe alisema vile.

Kwanza kwa yule asiyejua. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza boili. Boili ni vidonge vya mviringo vya unga na mayai, vinavyochemshwa mpaka vinapata ngozi ngumu. Mvuvi anakitundika kimoja kwenye uzi mfupi unaoning'inia nje ya ndoana, anamtegea samaki anayeitwa karpe. Ndiyo, ni chambo. Watu wa kanisa wamenicheka miaka yote: "Mama Elie alivuka bahari akaja kupikia samaki." Haya. Na wewe uliyevuka bahari ukaja kubandika karatasi kwenye maboksi ya viatu, umempikia nani?

Nilianza Louisville, hapa Marekani. Tulitoka kambi ya wakimbizi mimi na mwanangu Elie, baba yake alikuwa ameshafariki, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya ghala. Sitaizungumzia. Nyuma ya nyumba yetu alikaa mzee mmoja Mromania, jina lake Florin, na gereji yake ilitoa harufu ambayo majirani wote waliilalamikia. Mimi sikulalamika. Nilizaliwa Uvira, kule Kongo kando ya ziwa, karibu na pale wanapoanika ndagala, dagaa wetu. Harufu ile ilinifanya nilie, nikaenda kugonga mlango.

Kumbe mzee alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Kingereza chake na changu vilikuwa vibovu sawasawa, ndiyo maana tulielewana. Akaniambia chakula hiki ni cha karpe. Bon, kwetu watu wa mjini wakisema karpe wanamaanisha ngege, samaki wa sahani moja, ukimkaanga na nyanya umemaliza. Nikamwambia: mzee, ngege hahitaji mayai yote haya, mtupie nyungunyungu mmoja tu atakuja. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha picha yake amebeba samaki wa rangi ya dhahabu, mnene kama mtoto anayeanza kutembea, na anambusu. Nikasema moyoni, huyu mzee ni mgonjwa.

Lakini kazi aliijua, na yote ninayoyajua nimeyapata kwake. Sikilizeni vizuri, ninyi munaobaki, maana siku hizi naona munafanya kinyume. Mayai ndiyo yanatangulia. Unayapasua kwenye beseni, unatia mafuta yako, sukari yako, harufu yako, unapiga mpaka yawe kitu kimoja. Ndipo unaleta unga, kidogo kidogo, huku mkono mwingine unakoroga. Unga wa samaki, unga wa soya, semolina ya ngano ili donge lishike, mahindi ya kusagwa kwa ukali kidogo ili maji yapate pa kupenyea. Ukimwaga unga kwanza halafu mayai juu yake, utapata mabonge nje na vumbi ndani. Nimesema hivyo Louisville, nimesema Columbus, nimesema Buffalo, na bado kila mwaka anatokea mtu anamwaga unga kwanza.

Donge likishashikana unalifunika na kitambaa kibichi, unaliacha lipumzike. Halafu unalisokota kuwa kamba nene, unaikata, unaviringa. Maji yawe yanachemka kweli, si yale ya kutoa mvuke tu. Unatia vidonge vichache vichache, ukijaza sufuria maji yanapoa na vidonge vinanyonya maji, vinakuwa uji. Vikipanda juu, subiri kidogo tu, toa. Ukivisahau, umechemsha hata harufu, umebaki na mawe. Unavianika kwenye wavu, upepo upite chini na juu, unavigeuza. Na kabla ya kufunga mfuko, chukua kimoja ukitie kwenye glasi ya maji, ukae ukikitazama. Kikipasuka upesi, kosa ni lako. Kikikaa kutwa nzima kama gololi bila kutoa kitu, kosa ni lako pia, samaki hali gololi.

Mzee Florin hakuvaa glavu. Alikuwa anasema unga unaongea na ngozi, hauongei na plastiki. Ukiushika unajua kama mayai yalikuwa madogo leo, kama hewa ina unyevu, kama unga wa samaki umekaa sana kwenye gunia. Akanishika mkono akaubonyeza ndani ya donge: hivi, mama, kama sikio. Ukibonyeza sehemu laini ya sikio lako, hivyo ndivyo donge linatakiwa kuwa. Mpaka leo nikitaka kujua donge nashika sikio langu.

Siku moja akanipeleka mtoni, mto Ohio, nione kazi yangu inavyofanya kazi. Tulikaa kwenye viti kutwa. Jioni kengele ya fimbo ya kuvulia ikalia, mzee akapigana na samaki mpaka jasho likamtoka, akamleta nchi kavu. Mwee! Nilishasimama, nimeshakunja mikono ya nguo, moyoni nimeshamkata vipande, nimeshamchagulia sufuria. Mzee akamlaza kwenye godoro. Samaki, kwenye godoro! Akampaka dawa mdomoni palipochomwa na ndoana, akambusu, akamrudisha majini. Samaki akaenda zake. Sikumsemesha Mzee Florin wiki nzima. Nimetoka mahali ambapo mama anagawanya ndagala mmoja kwa watoto wawili, wewe unanionyesha chakula kinaogelea kwenda zake na dawa mdomoni? Mpaka leo nimekubali kwa kichwa, kwa tumbo sijakubali.

Na wateja! Kule Louisville kuna samaki wengine, wale wanaoruka juu wakisikia injini ya boti, na wao watu wanawaita karpe. Mtu mmoja alirudisha mfuko mzima kwa hasira, ati boili zetu hazifai, amewavulia wale wanaoruka siku mbili na hajapata hata mmoja. Mzee alikuwa tayari kumpa mfuko mwingine, mimi nikamzuia. Nikamwambia yule bwana: wale wanachuja maji, wanakula takataka ndogo usizoziona kwa macho, hawana haja na kidonge chako. Hata ukiwapikia pilau hawataki. Akaniuliza, kwa nini basi wanaitwa karpe? Mimi ndiye niliyewapa jina? Mimi nimekuja juzi!

Mgongo wa Mzee Florin ulipochoka, binti yake alikuja kumchukua akakae kwake. Vyombo vyake vilinunuliwa na watu waliokuwa na kiwanda kikubwa cha chambo Columbus, na mzee akawaambia: mukichukua meza, muchukue na huyu mama. Hivyo ndivyo nilivyohamia Ohio. Tulipanga karibu na Westerville, Elie akaingia shule ya sekondari, akaanza kunijibu Kingereza nikimsemesha Kiswahili.

Kiwandani kulikuwa na mashine inayosukuma donge kama soseji, na meza yenye mifereji, ukisukuma kifuniko vidonge vinatoka vyote mviringo mmoja. Nilizipenda mashine zile, nisidanganye. Nilichochukia ni mambo ya ofisini. Walitaka boili ambazo haziozi. Hata ukizisahau kwenye gari kiangazi chote, unazikuta vilevile, pinki, zinanukia keki ya siku ya kuzaliwa. Nikawauliza, chakula ambacho hata kuvu inakikataa, samaki atakitaka? Wakaniambia mama, anayenunua si samaki. Ndivyo walivyosema, mbele ya watu, bila haya. Na zikanunuliwa, hicho ndicho kinachoniudhi.

Pale ndipo nilipofanya kazi na Papa Shukuru. Yeye ni mtu wa milimani, amekulia na ng'ombe, samaki alimwona akiwa mtu mzima. Tulizoea kutaniana. Nikitia unga wa samaki ananiambia, "Ma Elie, leo tena unatupeleka Uvira?" Na mimi namjibu, "Wewe ukipewa nafasi utawanyonyesha samaki maziwa." Sasa lazima niseme ukweli hata kama ataringa akisoma hapa: kwenye maji ya baridi alikuwa na haki. Mafuta ya samaki yakipata baridi yanaganda, harufu inafungiwa ndani, karpe anapita pembeni asijue kuna kitu. Wakati huo unataka kidonge kidogo, cheupe, cha unga wa maziwa, kinachoyeyuka upesi. Maji yakipata joto, ndipo unaleta samaki wako, ngisi wako, maini yako, kidonge kikubwa chenye mafuta. Ukishika hilo tu umeshapita wauzaji wengi wa madukani, wanaokuuzia rangi.

Papa Shukuru alipochoka na keki za pinki akaenda kufungua kiwanda chake kidogo Buffalo, na akatuita wachache. Nikaja. Elie naye alikuja, alishapata kazi Amherst, hapa karibu. Tukanunua nyumba hapa Black Rock, ya bei ambayo wenyeji hawakuitaka. Kutoka dirishani naona maji ya mto.

Maji ya hapa yanakimbia, hayatulii kama mabwawa ya Ohio. Mwezi wetu wa kwanza wateja walilalamika kwamba chambo hakikai mahali, kinabingirika chini mpaka kinaishia kwenye majani. Bila shaka kinabingirika, si mviringo? Tukaanza kuvikata vifupi kama vipande vya muhogo, bapa huku na huku, vizito kidogo. Vikakaa. Hilo tulilifanya kwa pamoja, Dieudonné, mwenzetu wa kazini, ndiye aliyetoa wazo, na ninamtaja kwa sababu baadaye nitamtaja kwa jambo lingine.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana najua ndilo munalonicheka nyuma ya mgongo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Elie alioa. Binti anaitwa Riziki, wazazi wake wako Columbus, watu wa Uvira kama sisi, wanaojua mila. Katika ukoo wetu mama wa bwana harusi ndiye anayewasongea wakwe bugali siku ya kwanza. Anasonga mwenyewe, anaviringa matonge kwa mikono yake, anaweka mezani mwenyewe. Maana yake ni moja: mtoto wenu atakula kutoka mkono huu. Usipofanya hivyo, umeshawaambia wakwe kwamba binti yao humtaki, na hukufungua hata mdomo. Kuna ndoa niliyoiona ikivunjika kwa jambo hilo kabla vyombo havijaoshwa. Mimi nina mtoto mmoja tu. Sikuwa na harusi nyingine ya kungojea.

Nilijua mikono yangu. Nikaenda kwa Papa Shukuru mapema nikamwambia: mpaka harusi ipite niweke upande wa sukari. Stroberi, vanila, mahindi. Nisiguse samaki, nisiguse ngisi, na ile chupa ndogo yenye asidi inayonuka kama matapishi ya mtoto mchanga nisiione hata kwa mbali. Akakubali, tena mbele ya watu. Nikawa nanukia kama duka la peremende. Elie aliniambia kwa mara ya kwanza tangu azaliwe kwamba ninanukia vizuri.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Dieudonné alipewa oda ya klabu moja ya wavuvi, samaki na ngisi, donge kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya. Akamwaga unga kwanza. Nilimwona kutoka upande wangu, nikapiga kelele, alikuwa ameweka muziki masikioni. Akamimina mayai yote juu. Likawa lile lile: mabonge nje, vumbi ndani. Anavyozidi kukoroga ndivyo linavyozidi kukatika. Papa Shukuru akaja akaangalia, akashika kiuno, akasema, "Tupeni."

Tupeni! Mayai yale yote! Yangetosha kulisha mtaa mzima wa kwetu, na mtu anasema tupeni kama anafukuza nzi. Nikasema hakuna kutupa hapa. Papa Shukuru akasema, "Ma Elie, acha, weye una harusi." Nikasema harusi ni yangu na mayai ni ya Mungu. Nikakunja mikono ya nguo nikaingia mpaka kwenye viwiko. Glavu? Glavu ingenionyesha nini? Nilikuwa nalipasua bonge kwa bonge, naongeza maji ya vuguvugu kwa kiganja, nalikanda, nalisikiliza, mpaka likawa sikio. Oda ya watu ikatoka. Na sijutii, nasema wazi. Wa kujuta ni aliyemwaga unga kwanza.

Lakini chupa ile ya asidi ilikuwa imeshatiwa ndani. Nilirudi nyumbani nikaosha kwa ndimu, nikaosha kwa chumvi, kwa majani ya chai, kwa dawa ya meno, kwa jiki mpaka ngozi ikawaka. Nikishamaliza nanusa, matapishi yako palepale, na ngisi amekaa juu yake. Ijumaa akaja Mama Sesilia, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, kuhesabu sufuria za harusi. Tukasalimiana kwa mkono. Akauangalia mkono wake.

"Ma Elie, hii nini?"

"Kazi."

"Hapana, mama yangu. Na hii mikono huingii jikoni. Wakwe watasema tumewapikia nini?"

Nikamweleza mila. Akasema anaijua mila, lakini mila haisemi bugali unuke. Elie alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama nikitegemea atasema neno kwa mama yake. Akajibu Kingereza, maana aibu yake huwa anaisemea Kingereza: nivae glavu tu, mambo yaishe. Nikamuuliza, wakwe wamekuja na gari kutoka Columbus, nitoke mbele yao nimevaa glavu kama daktari anayekwenda kumshika mgonjwa? Watadhani ninaona kinyaa kwa binti yao! Akasema basi Mama Sesilia asonge, mimi nikae kwenye kiti kizuri, nipumzike, siku ile ni yangu. Nimpumzikie nani? Nililia kwa hasira mpaka nikakosa sauti, na wao wakaona kunyamaza kwangu ni kukubali.

Jumamosi wakanivalisha kitenge cha bei, wakanipachika ua kifuani, wakanikalisha mbele pamoja na wakwe kwenye ukumbi. Nikawa nasikia mwiko unagonga sufuria jikoni, na nasikia kwamba anayesonga anausonga vibaya, anauharakisha. Mikono nimeificha chini ya meza. Mama Riziki, mama wa binti, alikaa mbele yangu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anafanya kazi ya kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, hacheki ovyo. Tulikuwa tumeongea kwa simu tu mpaka siku ile.

Chakula kikaja. Samaki, sombe ya majani ya muhogo, nyama, na bugali katika sahani kubwa, umeviringwa kwa bakuli ya plastiki, mviringo mmoja wote kama umetoka kwenye mashine. Wakaletewa maji ya kunawa. Mama Riziki hakunawa. Na kwa sababu yeye hakunawa, upande wake wote hakuna aliyenawa.

"Hii bugali," akasema, "ni nani alisonga?"

Mama Sesilia akajibu kwa furaha, akiwa bado na aproni: "Ni komite ya kina mama."

"Komite." Akarudia lile neno kana kwamba ana mfupa mdomoni. "Siye hatukuoza mtoto kwa komite."

Nilimwona Riziki kule juu jukwaani ameshika mkono wa Elie na uso umemwanguka. Bibi mmoja upande wao alishaanza kutafuta mkoba wake chini ya kiti. Elie akanitazama, sasa ndiyo ananitazama! Nikasimama. Nilikuwa na hasira na watu wote ndani ya ukumbi ule, Papa Shukuru, Dieudonné, Mama Sesilia, mwanangu, na hasira ndiyo iliyonipa miguu. Nikatoa mikono chini ya meza nikaipeleka mpaka puani kwa mkwe wangu.

"Mama Riziki, mimi sikusonga kwa sababu mikono yangu inanuka. Ninafanya kazi ya chambo. Nimeiosha kwa kila kitu na bado inanuka. Si kwamba binti yako simtaki. Nilimtaka kabla mwanangu hajajua kumtaka. Walinizuia. Kama unataka kuondoka, ondoka ukijua hivyo."

Aliishika mikono yangu yote miwili. Alinusa huku, akanusa huku. Uso ulimkunjamana mpaka macho yakafumba. Nikasikia mtu anacheka nyuma halafu anajizuia.

"Inanuka," akasema. "Aka! Inanuka vibaya kabisa, mama."

Hakuiachia.

"Ile ya kwangu inanuka mikojo ya wazungu miaka yote hii, na huyu mtoto nilimlisha nayo. Kwenda usonge. Tuko na njaa."

Nikaingia jikoni. Mama Sesilia alinifuata akaniambia vaa basi aproni, nikamwambia aniondokee. Nikateka maji mapya, nikaweka motoni. Sufuria ya kanisa ni nyepesi na jiko lile linateleza, ukisonga inakukimbia. Elie akaja na suti yake nyeupe, akachukua vitambaa viwili akaishika masikio sufuria ikatulia. Nikamwaga unga, nikasonga. Mvuke ulikuwa unampiga usoni na harufu yangu nayo. Machozi yalimtoka, kwa sababu gani sijui, na sikumuuliza. Nililowesha mikono, nikaviringa matonge moja moja, yanaunguza, mikono mitupu. Hayakuwa sawasawa, moja kubwa, jingine dogo, kama inavyotakiwa.

Nikabeba sahani mwenyewe nikaiweka mbele yake. Nikamnawisha mimi. Mama Riziki akamega tonge, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akachota sombe, akatia mdomoni. Alitafuna polepole huku ananiangalia, watu wote wanamwangalia yeye. Akameza. Kisha akaisukuma sahani kuja kwangu.

"Ongeza," akasema.